Daktari kaandika nisinyanyue kizito, bosi anataka cheti "safi". Nafanyaje?

Semi la Kusini:
Wakuu habari za jioni. Naendesha semi Mtwara–Dar, msimu ukifika ni korosho, msimu ukiisha chochote kinachopatikana. Mwezi wa pili tairi la nyuma lilipasuka pale Mbwemkuru saa nane usiku, utingo kijana mgeni hajui hata jeki inakaa wapi, nikashuka mwenyewe kuvuta spea, kiuno kikalia "ta!" nikakaa chini palepale kama mtoto. Hospitali wakasema disiki imesogea inabana mshipa wa fahamu. Nimepumzika, sa hivi natembea. Juzi nimeenda kupimwa nirudi kazini, daktari kaandika: "Anaweza kuendesha. Asinyanyue zaidi ya kilo 10 kwa miezi 3." Bosi kasoma kanirudishia karatasi yangu, eti hataki nusu dereva, nilete cheti kisicho na masharti au nikae nyumbani. Sasa kuna jamaa kanambia kuna sehemu ukitoa elfu 30 wanakuandikia fiti bila hata kukugusa, we usitaje kiuno tu. Leseni yangu ya daraja E, ya magari makubwa, bado haijaisha. Je haya masharti yanaigusa? Na hiyo njia ya mkato ina shida gani? Watoto wanataka kula jamani msinicheke.

Utingo Mstaafu:
Pole sana mkuu. Tairi la semi na rimu yake linakaribia kilo 100, hilo hata mzima hanyanyui peke yake, linaviringishwa na linapandishwa kwa mtaimbo. Turubai, kamba, tairi ni kazi za utingo toka enzi zetu. Siku hizi matajiri wanataka dereva awe utingo awe mlinzi kwa posho moja, afu akivunjika wanamwita nusu dereva. Hiyo nusu nyingine hawajawahi kuilipa!

Dada Nesi:
Kaka, leseni inatolewa na TRA, daktari kusema usibebe mzigo hakuifuti. Kuendesha na kubeba ni vitu viwili na daktari wako kavitenganisha vizuri tu. Mi kilo 10 hazinisumbui, kinachonisumbua ni mguu. Simama ujaribu kutembea kwa visigino, afu kaa uinue dole gumba la kila mguu, yalingane. Kama moja linalegea au una ganzi, tatizo lako sio mzigo tena, ni klachi na breki. Na dawa gani unameza? Kama ni tramadol au ile amitriptyline ya usiku, zinasinzisha, usishike usukani hata kama maumivu yamekata. Lingine, mkojo ukigoma kutoka au ganzi ikipanda mpaka sehemu za siri, usingoje kuche, kimbia hospitali usiku huohuo.

Wa Mnazi Mmoja:
Hiyo elfu 30 kaa nayo mbali. Umeumia ukiwa kazini, hilo ni suala la WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, mchango analipa mwajiri peke yake sio wewe. Sasa uende na cheti kinachosema huna tatizo lolote, afu mwezi ujao kiuno kikate tena, utadai nini? Umejikana mwenyewe kwa maandishi. Toa taarifa ya ajali kwa maandishi, na utingo aandike alichokiona kabla hajahamia gari lingine. Na ED zako zote (karatasi za daktari za kupumzika kazi) tunza, sheria ya ajira ya 2004 inatoa siku 126 za ugonjwa ndani ya miezi 36, 63 mshahara kamili na 63 nusu. Waajiri wengi wanajifanya hawaijui.

Chikundi Boy:
Binamu yangu anaendesha malori Marekani, kule cheti cha afya cha dereva hakizidi miezi 24, kikiisha unapimwa upya, na mwongozo wa wanaopima unaeleza kazi ya dereva mpaka kupakia mzigo na kunyanyua maturubai, kwahiyo anayekupima anajua unaenda kufanya nini. Huku kwetu daktari anaona neno dereva anadhani unakaa tu. Andika karatasi moja kazi zako zote, saa ngapi unakaa, nani anafunga turubai, nani anabadili tairi, mpelekee daktari yuleyule aandike hili ndio hili hapana. Bosi akiona utingo ndo katajwa kwenye tairi atapungua makali.

Semi la Kusini:
Asanteni wakuu. Dada Nesi dawa ni tramadol kweli, asubuhi na jioni, na juzi nilikuwa najiandaa kupakia. Hilo zoezi nimefanya hapa kitandani mama watoto akishuhudia, dole la kushoto linaishia nusu ya la kulia, na kushoto ndo kwenye klachi. Kesho narudi kwa daktari na karatasi ya kazi zangu. Elfu 30 nimenunulia unga na dagaa.

Dada Nesi:
Mwambie hilo la dole kabla hujakaa kwenye kiti. Usianze na bosi.