Ramani za kidijitali darasani, watoto wachunguze wenyewe: naanzaje?

Ticha_Jografia: Wakuu habari za jioni. Nafundisha jografia kidato cha pili, shule ya kata huku Dar, darasa limejaa mpaka mlangoni. Nimechoka kuchora ramani ubaoni wao wanakopi, natamani wachunguze kitu wenyewe. Nina laptopu yangu na projekta ya kuazima, bando la kwangu, na simu wanafunzi hawaruhusiwi. Shida nikifungua Google Earth kila mtu anataka aone kwao, kelele, kengele inalia, basi. Nyie mnafanyaje?

Mzee_wa_Kontua: Ticha umeanza na ramani, anza na swali. Mfano masika ikija kwa nini maji yanaingia nyumba za mtaa huu na mtaa wa pili wanalala kavu? Waache wabishane, kila kundi liandike linachodhani, ndo ufungue Google Earth ya kwenye kompyuta, uchore njia toka barabarani mpaka mtoni, kuna sehemu inakuonyesha mwinuko wa ile njia kwa mchoro. Halafu rudi kwenye picha za setilaiti za miaka ya nyuma, uwapeleke Jangwani, bonde la Msimbazi. Hizo picha zitoe kabisa nyumbani, uwe nazo kama skrinishoti, mtandao wa shule usiutegemee.

Binti_Ramani: Swali kwanza, hapo sawa kabisa. Ila ule mwinuko wa Google Earth mi siuamini kwa vitu vidogo, mtaro au tuta hauuoni pale, na Dar yenyewe sehemu nyingi tambarare. Ramani Huria, ule mradi wa kuchora ramani za mafuriko Dar, walipoanza 2015 waliingia mitaani kwa miguu, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ardhi na UDSM pamoja na wakazi, wakawa wanachora mitaro na kuuliza wenyeji maji yalifika wapi, kazi ikaingia OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wenyewe, ambayo ni bure. Na wewe printi ramani ya mtaa wenu kutoka huko, kila kundi lipewe kipande na kalamu, waende waangalie mtaro uko wapi, umeziba au unapitisha, alama ya maji ukutani inafika magotini au kiunoni. Pointi za GPS chukua wewe na KoboCollect, app ya simu ya kukusanyia data, inafanya kazi bila bando, utatuma baadaye. Wakirudi kundi moja litasema mtaro upo lingine litasema hakuna, usiwaamulie, warudishe wakaangalie tena. Mjumbe mwambie mapema lakini, watoto na makaratasi mlangoni kwa watu wataulizwa wametumwa na nani 😂

Ticha_Jografia: Hii nimeielewa, asante dada. Sasa kuingiza OpenStreetMap kila mtoto afungue akaunti?

Binti_Ramani: Hapana, fungua yako, washa projekta wao wakuelekeze pa kuweka. Weka mitaro, njia, madaraja. Nyumba ya nani ilijaa ibaki daftarini. Na usikopi chochote toka Google kupeleka OpenStreetMap, leseni hairuhusu, tumia picha za setilaiti zilizomo humohumo kwenye kihariri chao.

Mzee_wa_Kontua: Nimekubali kuhusu mitaro. Ila mwinuko nitaendelea nao kwa milima, Uluguru pale unaona raha.