Mathenge ulieneaje Baringo?

Swali: Ndugu zangu, mathenge, ule mti wa miiba wa kigeni (Prosopis), uliletwa Baringo, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kuwapa wananchi kuni, imekuwaje leo umeziba malisho na njia za ziwani?

Jibu: Mbuzi hula maganda yake matamu, na mbegu hupita tumboni zikiwa nzima, zikaota kwenye samadi popote walipopita, mafuriko nayo huzisomba mbali. Nimewashika mbuzi vinywa nikakuta meno yameoza kwa utamu huo. Inauma sana.

Jibu: Ukiukata juujuu, kisiki huchipua upya, tena kwa wingi, ni lazima uchimbe na kuukata chini ya shingo ya mzizi, pale shina linapokutana na mizizi.

Jibu: Tuchome mkaa wake, lakini miche michanga ing'olewe kabla haijazaa.