Skuna ya Svalbard, skuna ya Scoresbysund au meli ya injini? Amana inatakiwa Ijumaa

Kisiki_Mbichi
Wakuu, salaam. Mimi na mke wangu tunataka kwenda bahari ya barafu mwakani. Tumechuja mpaka zimebaki tatu, na bei zimepishana kidogo tu:

1) Skuna (meli ya tanga) ya abiria 20, siku 9, kutoka Longyearbyen (mji wa Svalbard, visiwa vya Norwei) kwenda kaskazini magharibi na kurudi.
2) Skuna ya abiria 12, siku 8, ndani ya fiodi (ghuba nyembamba kati ya milima) za Scoresbysund, Greenland mashariki.
3) Meli ya injini, abiria 110, siku 10, kuizunguka Svalbard.

Ipi?

Ukoko_78N
Mwezi gani? Pasi za nchi gani? Nani kati yenu hulewa bahari? Unauliza bei ya samaki bila kusema samaki gani.

Kisiki_Mbichi
Samahani mkuu. Ya 1 ni Juni mwanzoni, ya 2 Septemba mwanzoni, ya 3 katikati ya Agosti. Pasi yangu ya Tanzania, yake ya Kenya, tunaishi Muscat. Kulewa bahari sijui, tumepanda boti ya Zanzibar tu.

Ukoko_78N
Sasa tunaongea. Juni mwanzoni barafu ya bahari mara nyingi bado imefunga kaskazini na mashariki ya Svalbard. Skuna itabaki pwani ya magharibi: Isfjorden, walrasi (wanyama wa bahari wenye meno marefu) wa Poolepynten, Kongsfjorden, Magdalenefjorden, na barafu ikikubali, Raudfjorden. Mlangobahari wa Hinlopen na mwamba wa ndege wa Alkefjellet usivihesabu. Theluji itakuwa bado milimani, hapo picha ni nzuri mno.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Tangu 1 Januari 2025, umbali wa kisheria kutoka kwa dubu mweupe ni mita 300, lakini kuanzia 1 Machi hadi 30 Juni ni mita 500. Safari yako ya Juni imeangukia kwenye 500. Kwa kamera ya simu dubu atakuwa punje ya mchele juu ya shuka. Chukueni darubini ya 8x42, moja kwa kila mtu. Mkigawana moja mtagombana.

Agosti barafu imerudi nyuma, na kuzunguka visiwa vyote kunawezekana miaka mingi. Mimi ningekwenda na ya 3.

Karani_wa_Viza
Kabla ya barafu, viza. Svalbard haidai viza kwa mtu yeyote, ila haimo ndani ya Schengen (nchi za Ulaya zenye viza moja), na ndege zake za abiria hupitia Oslo au Tromsø, ambako ni Schengen. Ukiruka kwenda Longyearbyen umetoka Schengen. Ukirudi unaingia upya. Kwa hiyo pasi zenu zinahitaji viza ya kuingia mara mbili au zaidi.

Nieleze lililowapata wateja wanne, maana kosa lao ni la kawaida. Waliomba viza, kwenye fomu wakajaza "Norwei, siku 14", wakaweka alama ya kuingia mara moja kwa sababu kwao ilikuwa nchi moja. Wakapewa walichoomba. Oslo waliingia vizuri, wakalala usiku mmoja. Asubuhi, kwenye ukaguzi wa pasi, afisa akawaonyesha sehemu ya stika ya viza iliyoandikwa 01, yaani kuingia mara moja. Mkitoka, akasema, kurudi hakuna. Ilikuwa Jumamosi, ofisi zimefungwa. Skuna ilikuwa ing'oe nanga siku hiyo hiyo jioni, na skuna haimsubiri mtu: kuchelewa saa 12 kunakula kituo kizima cha abiria wengine. Walipoteza nauli yote. Bima ilikataa kulipa, kwa kuwa mkataba unasema hati za safari ni jukumu la msafiri. Na stika walikuwa nayo mkononi wiki tatu kabla, hakuna aliyeisoma.

Ya 2 ni ngumu zaidi. Mtapitia Iceland (Schengen) kisha Greenland, ambayo haimo Schengen. Viza ya Greenland huombwa kwa mamlaka ya Denmark, na stika lazima iandikwe kwamba inafaa Greenland. Viza ya kawaida ya Schengen haitoshi. Na ile ya Iceland nayo iwe ya kuingia mara mbili. Anzeni mapema sana, msisubiri mwezi wa mwisho.

Mwana_wa_Amu
Ndugu zangu, mtu aende bahari ile akasikilize injini? Chukua ya 1 au ya 2. Tanga ni tanga. Ingawa hizo skuna za Wazungu kwa kubisha (kwenda dhidi ya upepo) hazifiki jahazi letu.

Foromali
Mwana wa Amu, hapo umependa kwenu tu. Jahazi likitaka kugeuka kwenye upepo, foromali (mti unaoshikilia tanga) inavushwa mbele ya mlingoti, ndiyo maana manahodha wengi hugeuza kwa kumpa upepo shetri (nyuma ya chombo). Ni kazi ya mikono mingi. Kwenye fiodi yenye upana wa maili mbili, kamba zimeganda, utagonga jabali kabla hujamaliza. Skuna tanga zake zimefungwa nyuma ya milingoti, inageuka kwa watu wanne.

Ila muulizaji ajue ukweli: hata skuna itatumia injini muda mwingi. Ndani ya fiodi upepo ama haupo, ama unashuka kutoka barafutoni (kwenye mito ya barafu ya milimani) kwa ghafla na kubadilika kila kona. Na ratiba ina saa ya kurudi. Ukipata tanga peke yake theluthi moja ya safari, umebahatika. Ukichukia kelele, kuna skuna ya Húsavík, Opal, yenye mota ya umeme. Ikienda kwa tanga, maji huizungusha rafadha (propela) na kuchaji betri.

Chumba: epuka cha omo (mbele), mnyororo wa nanga unapita karibu na kichwa chako saa 9 usiku. Epuka cha jirani na jenereta. Cha katikati, chini, ndicho kinachotikisika kidogo. Na uliza choo: Noorderlicht kwa mfano inabeba watu 20, vyoo na bafu ni vya pamoja.

Mwana_wa_Amu
Jahazi lilifika Bombay bila jenereta, bwana Foromali.

Foromali
Kwa kaskazi na kusi, pepo zinazojulikana mwezi wake. Hapa hakuna msimu wa kumwekea nadhiri.

Dada_Sufi
Nguo na dawa, haraka. Sufi nyembamba mwilini, sufi nene au flisi juu, kisha koti na suruali visivyopitisha maji. Pamba iacheni Muscat, ikilowa haikauki. Buti za mpira zifike chini ya goti, ziwe kubwa namba moja ili soksi mbili ziingie. Glavu jozi mbili. Kabla ya kushuka, sugueni nyayo na vibandiko (velcro) vya suruali, mbegu za nchi nyingine haziruhusiwi kufika kule.

Kichefuchefu: cinnarizine ya miligramu 15, vidonge viwili saa mbili kabla ya kung'oa nanga, kisha kimoja kila saa 8. Ukishaanza kutapika umechelewa. Inaleta usingizi, mwenye dawa nyingine amwone daktari kwanza.

Ukoko_78N
Turudi kwenye uchaguzi. Abiria 20 wanashuka wote kwa mizunguko miwili au mitatu ya boti la mpira. Abiria 110 mtashuka kwa makundi, wengine wakisubiri. Nimeipigia kura ya 3, lakini hilo ni dosari yake kubwa. Na mwulize mwenye meli ni vituo vipi hasa: ndani ya hifadhi za Svalbard sasa mnaruhusiwa kushuka sehemu 43 tu.

Kisiki_Mbichi
Asanteni sana. Nilisahau kusema, mke wangu alifanyiwa upasuaji wa goti mwezi wa tatu. Anatembea vizuri, ngazi ndizo zinamsumbua.

Foromali
Astaghfirullah. Hilo ndilo lilikuwa la kwanza kusema!

Karani_wa_Viza
Goti linabadilisha kila kitu. Kwenye skuna anashuka ngazi ya ubavuni mpaka kwenye boti linalopanda na kushuka; boti likifika ufukweni anakaa kwenye mpira, anageuza miguu, anatua kwenye maji ya magotini juu ya mawe ya mviringo. Ndani ya skuna ngazi za kwenda vyumbani ni wima, na kitanda kimoja ni cha juu. Meli ya 3 ina ngazi ya ubavuni yenye mikono ya kushikia, lakini kutua ufukweni ni kule kule. Waandikie wote watatu: pembe ya ngazi, idadi ya vidato, kama kuna vituo vya kutua pakavu. Na bima ilipie uokoaji wa helikopta na ndege. Hospitali ya Longyearbyen ni ndogo, mgonjwa mzito hupelekwa Tromsø.

Kisiki_Mbichi
Nimewaandikia. Swali jingine: Juni na Agosti swala tunaswalije, jua halizami?

Dada_Sufi
Wengine hufuata saa za Makka, wengine za mji wa karibu wenye usiku na mchana. Ulizeni shekhe wenu kabla ya kuondoka. Chakula semeni mapema kwamba mnataka samaki na mboga, meli hupakia kila kitu kabla ya kutoka.

Mwana_wa_Amu
Na kibla? Si watashika dira ya simu.

Foromali
Dira ya simu huyumba kule, mvuto wa sumaku unaelekea chini zaidi kuliko pembeni. Muulizeni nahodha. Kutoka Longyearbyen ni kama nyuzi 153, kusini kukielekea mashariki. Skuna ikiwa kwenye nanga inazunguka, kwa hiyo pima upya kila swala. Na mkikaribia Ny-Ålesund, kijiji cha utafiti, ndani ya kilomita 20, zimeni Wi-Fi na bluutuuthi, kuna mitambo ya utafiti inayosikiliza anga.

Mgeni_Mpya
Samahani kuingilia, droni inaruhusiwa?

Ukoko_78N
Ndani ya hifadhi hapana. Kisiki, wamejibu kuhusu ngazi?

Kisiki_Mbichi
Mmoja tu. Ya 2 wanasema vidato tisa, "vikali kidogo". Kikali kidogo ni nyuzi ngapi?