Spika za kujitengenezea: njia mbili, njia tatu, au ampli kwa kila spika?

Tabata_Stereo (Dar)
Wakuu, habari za jioni. Nimeichoka sabufa. Ukiweka rumba inadunda, ukiweka taarabu inadunda, na dundo ni lile lile moja. Ampli ninayo, stereo ya zamani ya wati 40 kila upande niliyorithi kwa baba mdogo, bado nzima. Sasa nataka nijenge spika zangu mwenyewe, zinazoeleweka.

Sebule ni mita 4 kwa 4.5, kuta za tofali, chini vigae, juu jipsamu. Spika zitakaa karibu na ukuta, hakuna pa kuzivutia mbele, mama watoto keshasema. Nimesoma mwezi mzima na nazunguka kwenye njia nne. Kuna njia mbili, yaani wufa la inchi 6.5 la sauti za chini na twita ya inchi 1 ya sauti za juu. Kuna njia tatu ya kusimama sakafuni, wufa la inchi 10, midi ya sauti za kati na twita. Kuna ile spika moja tupu inayopiga sauti zote bila krosova, ile saketi ya koili na kapasita inayogawa sauti. Au niachane na koili kabisa, nigawe sauti kwa DSP (kifaa cha kuchakata sauti kidijitali) na kila spika ipate ampli yake. Roho inataka njia tatu. Mfuko haujasema kitu. Mnashaurije?

Kkoo_Original
Mkuu nunua sabufa nyingine yenye wufa la inchi 12. Jirani akigonga ukuta ujue imekubali 😂

Risasi_na_Waya (Morogoro)
Tabata, roho ya kila mtu inataka njia tatu. Yangu ilitaka hivyo hivyo, na yale maboksi leo mke wangu kayafanya stendi ya maua. Ngoja nikuonyeshe yalikofia.

Tuseme unagawa wufa na midi kwenye 300 Hz, kichujio cha Linkwitz-Riley cha daraja la pili (aina moja ya krosova), spika za omu 8. Hesabu inakupa koili mbili za milihenri 8.5 na kapasita mbili za maikrofaradi 33 kwa kila boksi, na hapo twita hujaigusa. Koili kama hiyo isiyo na kiini cha chuma ni mzigo wa shaba. Ukibana matumizi kwa waya mwembamba, ukinzani unapanda na besi inalegea. Sasa njoo kwenye njia mbili, mgawo wa 2500 Hz: koili za milihenri 1, kapasita za maikrofaradi 4. Koili ya milihenri 1 unaizungusha mwenyewe jioni moja huku unasikiliza mpira.

Na hizo ni hesabu zinazodhani spika ni rizista, yaani ukinzani wake haubadiliki. Sivyo. Spika iliyoandikwa omu 8 inaweza kufika omu 30 kwenye mwangwi wake wa chini, kisha ikashuka, kisha ikapanda tena kwa sababu ya koili yake ya ndani. Ndiyo maana zile krosova za dukani zilizokwisha kuunganishwa hazifai. Hazijui zinaendesha spika gani.

Kosa langu kubwa halikuwa hata hilo. Nilipomaliza, muziki ulitoka mwembamba, kama mtu anaimba amebana pua. Nikalaumu wufa, nikabadilisha. Vile vile. Kumbe ni ubao wa mbele. Sauti za juu ubao unazisukuma zote mbele kwako, za chini zinauzunguka na kwenda mpaka nyuma ya boksi, kwa hiyo unapoteza kama desibeli 6 ukilinganisha na juu. Mahali inapoanza ni takriban 115 ugawe kwa upana wa ubao kwa mita. Ubao wa sentimita 22 unakupa kama 520 Hz, katikati kabisa ya sauti ya binadamu. Krosova ndiyo inayorudisha hiyo hasara, kwa kupunguza vya juu. Wewe ukuta uko nyuma karibu, utakurudishia kiasi, basi panga desibeli 3 au 4 badala ya 6.

Anza na njia mbili, ndugu yangu.

Koili_Nai (Nairobi)
Naheshimu mkubwa hapo juu, lakini hii kuzungusha koili ni mambo ya kitambo. Mimi nilienda DSP moja kwa moja na sijawahi rudi nyuma. Hasara ya ubao? Unaingiza namba kwenye kompyuta, imeisha. Umegawa 2500 na twita inakuwa kali? Jaribu 2200 ukiwa umekaa kwa kiti. Na ampli za daraja D, zile zisizopoteza umeme mwingi kwa joto, siku hizi ni bodi ndogo kama kiganja. Ile ya chipu ya TPA3116 inatoa wati 50 kwa kila chaneli kwa omu 4 ukiipa volti za kutosha.

Kitu kimoja tu nitawaambia kwa sababu kilinigharimu. Stima ilipotea, ikarudi, ampli zikaamka kabla ya DSP. Paa! Twita zote mbili zikaenda. Kwa spika ya kawaida kuna kapasita mbele ya twita, inazuia. Kwa mfumo wangu hakukuwa na kitu kati ya ampli na ule uzi wa ndani ya twita, mwembamba kama nywele. Sasa hivi naweka kapasita ya maikrofaradi 47 mbele ya kila twita. Kwa omu 8 inakata karibu 420 Hz, mbali na mgawo wangu, sisikii tofauti yoyote na nalala usingizi.

Risasi_na_Waya
Koili_Nai, sikatai DSP. Lakini mwenzetu ana ampli ya baba mdogo tayari. Njia yako inamtaka chaneli nne, kifaa chenyewe, pawa sapulai, na ile ya mzee ibaki kabatini. Hapo amelinganisha spika au amenunua mtambo mpya?

Koili_Nai
Hapo umenishika kidogo. Lakini akitaka njia tatu siku moja, atanitafuta.

Tabata_Stereo
Nakubali, njia tatu nimeiweka kando (kwa machungu). Sasa boksi lililozibwa au lenye tundu? Wufa ninaloliangalia karatasi yake inasema Fs (mwangwi wake wa chini) 40 Hz, Qts (breki ya koni) 0.38, Vas (hewa yenye ulegevu sawa na wa koni) lita 30.

Risasi_na_Waya
Umefanya la maana kuleta namba. Hizo tunazo kwa kazi ya Thiele, Mwaustralia, na Small, Mmarekani aliyefanyia utafiti wake Sydney. Kabla yao watu walikuwa wanakata mbao wakiomba Mungu.

Ukiliziba kwa Qtc (breki ya koni ikiwa ndani ya boksi) ya 0.707, lita 12 zinatosha, na besi inaanza kushuka 74 Hz, lakini inashuka polepole, desibeli 12 kwa kila oktava (kila Hz zinapopungua nusu). Ukiweka tundu: lita 25, bomba lipigie 40 Hz, unafika arubaini na kitu. Waya wa chini kabisa wa gita la besi ni 41 Hz, kwa hiyo unaupata. Bomba ni lile la plastiki la fundi maji, kipenyo cha ndani sentimita 5, urefu kama sentimita 11. Kata 13 kwanza halafu punguza, maana hakuna anayeongeza bomba. Ubaya wake: chini ya 40 Hz sauti inaanguka ghafla, desibeli 24 kwa oktava, na koni inacheza bila breki. Ukikaza sana sauti bomba linapuliza, fuu fuu, utalisikia.

Mzee_wa_Santuri (Muscat)
Assalaam alaykum vijana. Nawasoma kimya kimya tangu juzi. Mimi nina miaka arubaini kwenye mchezo huu na nataka kulitetea boksi lililozibwa kabla halijazikwa.

BBC walipotaka spika ya kusikilizia ndani ya gari la matangazo, mahali padogo, walitengeneza LS3/5A. Wufa la KEF B110, twita ya T27, boksi limezibwa, kama lita 5 tu. Besi ya chini haina, na mpaka leo watu wanaigombania kwa sababu sauti ya mtu inatoka kama mtu. Sebule ya tofali na vigae inaongeza besi yenyewe, hasa spika ikiwa ukutani. Ukiweka tundu linaloshuka 40 Hz humo ndani, utarudia dundo lile lile ulilolikimbia.

Na ile spika moja tupu mmeiruka haraka. Ninayo, inchi 4. Kanuni na udi, zile ala za nyuzi za taarabu, nazisikia kama nimekaa mkekani. Orkestra nzima ikiingia na fidla zake, inakabwa.

Tabata_Stereo
Shikamoo mzee. Sasa umenichanganya zaidi.

Mzee_wa_Santuri
Marahaba mwanangu. Jenga lita 25 lenye tundu, kisha jaribu kuliziba tundu kwa soksi. Ukipenda zaidi likiwa limezibwa, umejifunza bila kukata ubao wa pili.

BintiRanda (Tanga)
Jamani wanaume mmeongea namba weee, na boksi atalijenga nani? Mimi ni seremala, spika nimeshatengenezea wateja jozi kadhaa.

MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) ya milimita 18 ni nzuri, nzito, haina nyuzi, ruta, mashine ya kuchonga, inapita kama kisu kwenye siagi. Lakini huku kwetu pwani makali yaliyokatwa yanakunywa unyevu. Nilikabidhi jozi haijazibwa vizuri chini, mteja akawa anapiga deki na maji mengi. Baada ya masika ukingo wa chini ulikuwa umevimba kama mkate uliolowa chai, milimita nne nzima. Sasa makali yote nayapaka gundi nyeupe iliyozimuliwa, napiga msasa, narudia, ndipo rangi. Na miguu ya mpira lazima. Plaiwudi ya marini ni bei zaidi ila kwa Dar ningeichukua hiyo. Mninga mtupu usitumie kwa boksi zima: mbao inatanuka na kunywea kwa majira, kiungo kinafunguka, hewa inavuja. Utumie kupambia nje tu.

Tabata, kwa ubao wa mbele wa sentimita 22, ndani chukua 18.4 kwa 28 kwa 52. Inakuja karibu lita 26.8, toa wufa, bomba na mbao moja ya kukaza ubavu kwa ubavu, unabaki na 25. Hiyo mbao ya kukaza usiiweke katikati kamili, isogeze kidogo. Gonga kwa kidole kabla na baada. Kabla inasema "dum", baada inasema "tk". Tundu la wufa usilikate kabla wufa halijafika mkononi. Karatasi inasema kipimo kimoja, fremu inakuja na kingine. Ndani weka sufi au pamba ya mito, ubavuni na nyuma, mdomo wa bomba uache wazi.

Kkoo_Original
Dada Randa unachukua oda? Siyo mimi, ni rafiki yangu.

BintiRanda
Huyo rafiki aachane na sabufa kwanza 😄

Mwanza_Audio
Swali la sisi tusioweza kuagiza nje. Wufa nililopata dukani lina stika ya "wati 500" na hakuna karatasi. Nalitupa?

Risasi_na_Waya
Usilitupe, lipime. Rizista ya kilo-omu 1 mfululizo na wufa, simu itoe toni kupitia ampli, multimita kwenye miguu ya wufa. Panda polepole kuanzia 20 Hz. Volti zinapofika kileleni, hapo ndipo Fs. Halafu bandika gramu 10 za udongo wa watoto wa kuchezea kwenye koni, pima tena, kilele kitakuwa kimeshuka. Kutokana na tofauti hiyo unapata uzito wa koni, na ukiwa na kipenyo chake unapata Vas. Ile wati 500 isahau.

Na wote mnaojenga: REW (programu ya kupima sauti) ni bure, VituixCAD (ya kubuni krosova) ni bure, tafuteni maikrofoni ya kupimia hata ya kuazima. Spika na maikrofoni zikiwa mita 1 juu ya sakafu na mita 1 kati yao, sauti ya kwanza kurudi kutoka kwenye vigae inachelewa kama milisekunde 3.6. Kata kipimo hapo. Chini ya 280 Hz usiiamini grafu, lakini mgawo wako wa twita utauona bila sebule kuingilia.

Tabata_Stereo
Wiki ya saba, narudi na taarifa. Boksi moja limesimama, plaiwudi ya marini, limekatwa Keko kwa vipimo vya Dada Randa. Fremu ya wufa kweli ilikuja kubwa kuliko karatasi kwa milimita 3. Asante dada.

Toni ya majaribio ilipofika kama 55 Hz kukawa na mtetemo mbaya, zzzz. Nikakaza skrubu zote, nikatoa wufa, nikapaka silikoni. Bado. Mtoto ndiye aliyeshika kioo cha kabati la vyombo na kelele ikakoma.

Soksi nimejaribu. Mzee una haki nusu: kwenye taarabu nalipenda limezibwa, kwenye rumba naitoa soksi. Kinachonisumbua ni kitu kingine. Nimepima, na hapo kwenye 2500 Hz kuna shimo refu kama kisima. Sauti za wanawake zinarudi nyuma ya pazia.

Risasi_na_Waya
Twita umeiunganisha vipi? Plasi kwa plasi?

Tabata_Stereo
Ndiyo, kama wufa.

Risasi_na_Waya
Daraja la pili, twita inageuzwa. Mawimbi ya wufa na ya twita yanapishana digrii 180 kwenye mgawo, yanauana. Kosa langu, sikusema.

Tabata_Stereo
Nimegeuza sasa hivi, hata solda haijapoa. Shimo limefukiwa. Mke wangu katoka jikoni kuuliza nani kaja.

Dada Randa, boksi la pili nakata Jumamosi. Ile nafasi ya milimita 3 niiache pande zote au juu na chini tu?