Mashindano ya besiboli ya kompyuta: kwa nini sheria zinazoamua matokeo wanazijua wakongwe peke yao?

Wakuu, heshima kwenu. Nimekaa siku tatu kabla ya kufungua uzi huu ili nisije nikamvunjia mtu adabu, lakini hasira haijapungua, na naona nikinyamaza mgeni atakayekuja baada yangu atayapata haya haya.

Kwa wasioufahamu mchezo wenyewe, programu ya kompyuta huiga msimu mzima wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani, michezo 162, kwa kutumia takwimu halisi za wachezaji wa zama zote. Mshiriki hupewa bajeti, na anachonunua ni msimu mmoja wa mchezaji, kwa hiyo mrushaji (anayemtupia mpigaji mpira) Pedro Martínez wa 1999 ana bei yake na yule wa 2000 ana bei yake. Besiboli nimeijulia hapa Minneapolis ninapoishi, nikaipenda kwa dhati, na nilipoona tangazo kwamba wageni wanakaribishwa nililipa kiingilio siku ile ile.

Kikosi cha kwanza nilikijenga kwa wiki mbili, kila usiku nikitoka kazini, daftari mkononi. Nilimchukua Bob Gibson wa 1968, mrushaji aliyeruhusu wastani wa mikimbio (pointi za wapinzani) 1.12 tu kwa kila iningi 9, yaani awamu tisa za mchezo mmoja kamili, katika mwaka ambao warushaji waliwatesa wapigaji kiasi kwamba msimu uliofuata kilima wanachosimama kurushia kilishushwa kutoka inchi 15 hadi 10. Nikamwongeza Pedro wa 2000 mwenye wastani wa 1.74, aliyeupata katika enzi ya wapigaji wenye nguvu za kutisha, jambo ambalo kwangu mimi linampa uzito kuliko hata Gibson. Kituo cha tatu nikamweka George Brett wa 1980, aliyepiga wastani wa .390, yaani alifanikiwa mara 39 katika kila majaribio 100 ya kupiga. Hadi mchezo wa 90 tulikuwa tunaongoza kundi.

Kisha timu ikaporomoka. Mchezo wa 118 niliufuatilia mpigo kwa mpigo: pembeni ya jina la Gibson palikuwa na namba ambayo mwanzoni mwa msimu ilisomeka 100, na usiku ule ilisomeka 61. Aliruhusu mikimbio 9 kabla iningi ya tatu haijaisha. Huyo ni Gibson wa 1968! Nilipouliza, ndipo mshiriki mmoja wa siku nyingi akaniambia kwamba programu humchosha kila mchezaji anapozidi kiasi alichocheza katika msimu wake halisi. Gibson alirusha iningi 304 na kidogo, Pedro 217, na warushaji wangu wote kwa pamoja walifika 1,190, ilhali msimu mzima unahitaji takriban 1,450. Brett naye mwaka ule alicheza michezo 117 tu, nami nilikuwa nimempanga kila siku.

Sasa nauliza, jambo hili limeandikwa wapi? Nimeusoma ukurasa wa kanuni kuanzia juu hadi chini mara nne, na neno uchovu halimo. Halafu nikaangalia vikosi vya wakongwe, nikakuta karibu kila mmoja ana Ed Walsh wa 1908, aliyerusha iningi 464 peke yake. Mimi nilimpita kwa sababu bei yake ilinishangaza, nisijue kwamba bei ile inalipia iningi. Siwalaumu kwa kuwa na maarifa, wameyatolea jasho. Ninachokilaumu ni mwandaaji kupokea kiingilio sawa kutoka kwetu sote huku akijua kwamba nusu yetu hatujaambiwa tunanunua nini.

La pili ni fupi, ila ndilo lililonichoma zaidi. Kikosi changu cha hatua ya pili, ambacho safari hii nilikihesabia iningi zake zote, kimekataliwa kwa sababu nimemweka Pedro wa 1999 wakati yule wa 2000 nilikwisha mtumia. Nimeelezwa kwamba kumrudia mchezaji hairuhusiwi hata kwa msimu tofauti, na kwamba walikubaliana hivyo mwaka jana. Walikubaliana na nani? Nilipolalamika nikajibiwa kwamba kila mgeni hulipa ada ya kujifunza. Jibu hilo silikubali hata kidogo. Ada nimeshalipa, na stakabadhi ninayo.

Ninachotaka kwa mwandaaji ni mambo mawili. Hesabu ya uchovu na katazo la kurudia wachezaji viandikwe leo katika ukurasa wa kanuni, mahali ambapo mtu ataviona kabla ya kulipa. Nami niruhusiwe kumbadilisha Pedro na kukiwasilisha upya kikosi changu kabla ya hatua ya pili kuanza Jumamosi. Nasubiri jibu hapa hapa uzini, mbele ya wote, si kwa ujumbe wa faragha.