Wakuu, kosa gani la viongozi wa Maple Leafs ndilo baya kuliko yote? Nahitaji jibu kabla ya kesho jioni

Mgosi_Scarborough (mtoa mada, Mei 2025)
Wakuu salamu. Najua humu wengi ni Simba na Yanga, ila kuna watu wa Kanada nimewaona wakichangia. Naomba mawazo yenu, na sitanii.

Mimi ni mtu wa Tanga, niko Toronto mwaka wa nne. Huku mpira ni hoki ya barafu na timu ni Maple Leafs. Jana Ijumaa tumewafunga Florida 2-0 kwao, sasa ni 3-3 kwenye mtoano wa mechi saba, kesho Jumapili mechi ya saba hapa nyumbani. Nitakuwa na mzee mmoja ambaye ameona yote, mpaka ubingwa wa mwisho wa timu hii, Kombe la Stanley la 1967. Ana swali lake moja miaka yote: "Katika makosa ya viongozi wa hii timu, lipi lilituua?" Nataka jibu zito, la kumfanya mtu akubali kwamba timu hii haistahili kuumiziwa roho. Usiku wa jana sikulala.

Fundi Saa
Mtu hakosi usingizi kwa ajili ya timu ya barafu. Kuna kitu hujasema. Nimekaa pale.

Baba Nasra (Mississauga)
Mtoa mada, hili halina ubishi. Oktoba 1989, Leafs wanataka beki haraka. New Jersey wana Tom Kurvers, mchezaji wa kawaida tu. Leafs wakatoa haki yao ya kuchagua chipukizi raundi ya kwanza, ya mwaka 1991. Yaani unauza shamba kabla hujajua limeota nini. Msimu uliofuata Leafs wakaboronga, na timu iliyoboronga huchagua mapema, haki ile ikawa ya kuchagua namba tatu kati ya vijana wote. New Jersey wakamchukua Scott Niedermayer. Kawapa makombe matatu, 1995, 2000 na 2003, halafu akaenda kuchukua la nne na Anaheim 2007. Kurvers hakumaliza hata misimu miwili Toronto.

Mimi nilifika huku 2003, nikaliona lile kombe la tatu la Niedermayer kwenye televisheni ya kinyozi. Kinyozi aliweka mashine chini akatoka nje, kaniacha na kichwa nusu.

Njoro wa South B
Hoki ni ya nyasi bwana, hiyo ingine ni ya friji. Kenya tulikuwa nambari nne Kombe la Dunia pale Barcelona 1971, na hakuna mtu alivaa kisu kwa kiatu.

Lakini msidhani hatujui barafu. Pale hoteli ya Panari, Mombasa Road, Nairobi, timu yetu ya Ice Lions walianza kuteleza kitambo. 2018 wakapelekwa Kanada na ile kampuni ya kahawa, Tim Hortons, wakacheza timu moja na nyota wa hoki, Crosby na MacKinnon. Na huyo Tim Horton mwenyewe alikuwa beki wa hao Leafs, makombe manne pamoja nao. Mnakunywa kahawa yake kila asubuhi na hamjui.

Mkulima wa Edmonton
Toronto mnalia nini? Sisi tarehe 9 Agosti 1988 tuliuziwa nyota wetu Gretzky. GRETZKY. Kachukua makombe manne na Edmonton, kaoa mwezi uliotangulia, mwenye timu akampeleka Los Angeles kwa dola milioni 15 na vijana na haki tatu za raundi ya kwanza. Jamaa alilia mbele ya waandishi. Mbunge mmoja alitaka serikali iingilie kati.

Hata hivyo 1990 tukachukua tena kombe bila yeye. Kuuza si kosa siku zote. Mimi kosa langu ni kiwanja cha Goba, nilikiuza milioni mbili ili ninunue Corolla. Gari lilikufa Chalinze. Kiwanja sasa kina ghorofa, na mwenye ghorofa ananisalimia vizuri tu kila nikirudi likizo.

Bi Raskazone
Mgosi mwanangu, mie ni wa Tanga kama wewe. Huyo mzee ni nani kwako?

Mgosi_Scarborough
Baba Nasra asante, hilo la Niedermayer nimelinakili.

Bi mkubwa, shikamoo. Mzee ni Mhindi wa Tanga, Kiswahili chake kinanishinda mimi. Jengo lao lilitaifishwa 1971, mwaka uliofuata akahamia Toronto. Ana viti viwili vya msimu tangu enzi za Maple Leaf Gardens, uwanja wa zamani wa timu. Nina mazungumzo na binti yake. Nategemea kupeleka posa mwezi ujao.

Fundi Saa
Ahaaa. Posa. Endelea, bado hujafika.

Kipa Mstaafu
Kwa kuwa mimi nilidakia timu ya mkoa, nitajibu kwa upande wa makipa. 2006 Leafs walikuwa na vijana wawili wa kudaka, Tuukka Rask na Justin Pogge. Wakamwamini Pogge, Rask wakampeleka Boston wapate Andrew Raycroft. Pogge kaichezea Leafs mechi saba. Raycroft misimu miwili, kwaheri. Rask akawa kipa bora wa ligi 2014.

Ila sikilizeni utamu wake. 2009 wakataka tena kitu haraka, wakamchukua Phil Kessel kutoka hukohuko Boston kwa haki mbili za raundi ya kwanza na moja ya raundi ya pili. Moja ikawa Tyler Seguin, aliyechaguliwa wa pili kwa wote 2010. Sasa twende 2013, mechi ya saba, Leafs wanaongoza 4-1 kipindi cha tatu, cha mwisho. Boston wanarudisha, la kusawazisha linaingia zimebaki sekunde 51, muda wa nyongeza 5-4. Golini kwa Boston yuko nani? Rask. Na Seguin yumo kikosini. Umefungwa na watoto uliowatoa nyumbani kwa mkono wako.

Nyundo ya Bosi
Mmemsahau tajiri mwenyewe, Harold Ballard. Aliishika timu tangu 1972, mwaka huohuo mahakama ikamkuta na hatia ya wizi na ulaghai, akafungwa, akatoka, akaendelea nayo mpaka kifo 1990. Ligi iliagiza majina ya wachezaji yashonwe mgongoni, yeye kashona kwa bluu juu ya jezi ya bluu yasisomeke. 1979 alimfukuza kocha Roger Neilson, wachezaji wakamgomea, ikabidi amrudishe. Akataka kocha atoke amevaa mfuko wa karatasi kichwani ili mashabiki wabaki wanajiuliza ni nani. Kocha akakataa.

Hayo si makosa ya usajili. Ukoo mzima wa makosa umetoka kwa baba mmoja.

Bi Raskazone
Mgosi, hujatwambia kinachokukosesha usingizi ni kipi.

Mgosi_Scarborough
Sawa, niseme. Msinishambulie.

Tiketi za kesho zote mbili ziko kwenye simu yangu. Mzee simu yake ni ya vitufe, kwa hiyo msimu huu wote tiketi zinakuja kwangu, tunakwenda pamoja au anaenda na binti. Kuna mtu anazitaka kwa dola 2,600. Nusu imeshaingia benki kwangu. Sijamtumia bado.

Kabla hamjaanza: nafikiria kwa akili. Tangu 2013 Leafs wamecheza mechi ya saba mara sita, 2013, 2018, 2019, 2021, 2022 na 2024. Zote wamefungwa. SITA. Jumatano hapahapa tumepigwa 6-1. Mzee ana presha. Namnusuru. Ningemwambia programu imegoma, tuangalie nyumbani, niwe na hoja ya kumtuliza, ndiyo maana nikauliza swali lile. Na pesa haiendi kwenye starehe, ni ya mahari.

Fundi Saa
Nilijua. Kwa hiyo unauza tiketi za mkwe umlipe mkwe. Kumkaanga samaki kwa mafuta yake mwenyewe, halafu unamkaribisha aonje.

Kadogoo
🤣🤣🤣 Mahari ya kujilipa. Mzee atatoa risiti?

Bi Raskazone
Mwanangu, umewekewa amana. Habari ya kufungwa au kushinda haimo. Mtu akikuachia nazi zake huziuzi kwa kuwa unahisi ni mbovu. Rudisha pesa ya watu usiku huu.

Mkulima wa Edmonton
Mie nasema uza. 2,600 ni pesa, kufungwa watafungwa tu. Ila mwambie mzee ukweli, mgawane.

Mgosi_Scarborough
Bi mkubwa nakuelewa, lakini ni viti vya juu kabisa, kule wachezaji unawaona kama mchwa. Na mnunuzi ana mtoto, ni mara yao ya kwanza. Kuna thawabu pia.

Fundi Saa
Thawabu imeingia sasa. Baada ya saa moja utatuambia ni sadaka.

Nyundo ya Bosi
Ngojeni. Nimerudi juu kusoma tena. Posti ya kwanza: mzee "ameona" kombe la 1967. Posti ya pili: mzee katoka Tanga 1972. Aliliona akiwa Ngamiani? Wakuu, hii chai. Mtu katoa hadithi ili tumwandikie historia ya Leafs bure akaweke kwenye chaneli yake.

Kadogoo
Chai ya tangawizi kabisa. Na binti hana jina, mnunuzi hana jina, mtoto hana jina. Weka picha ya tiketi.

Kipa Mstaafu
Kama ni chai basi nirudishiwe maelezo yangu ya Rask.

Njoro wa South B
Mimi niliona mapema. Mtu wa Tanga kwa barafu? Wacha.

Mgosi_Scarborough
Picha siweki, zina jina la mzee na namba za viti. Hilo la 1967 mmenikamata kweli, lakini si uongo. Mzee husema "mwaka tulipochukua kombe", "kikosi chetu cha 67", nikaamini alikuwepo. Nimempigia binti sasa hivi, kacheka mpaka kakohoa. Anasema 1967 baba yake alikuwa anapima vitambaa dukani Tanga, barafu aliijua ya kwenye soda. Ndivyo wanavyosema mashabiki wote huku. Sisi.

Nyundo ya Bosi
Umejitetea vizuri kuliko Ballard. Bado naona majani ya chai yanaelea.

Baba Nasra (Mississauga)
Mimi namwamini. Mke wangu ni wa Kigali, hajawahi kukanyaga uwanjani, na akisimulia ile ya 2013 anasema "tulikuwa tunaongoza nne kwa moja".

*(Jumapili, usiku)*

Mgosi_Scarborough
Nimerudi. Mlioangalia mnajua: 6-1. Ileile ya Jumatano. Mechi ya saba ya saba.

Pesa nilirudisha asubuhi saa nne. Mnunuzi kanitukana kwa lugha mbili.

Mzee alikuja na karanga za kukaanga kwenye koni ya gazeti, kazificha mfuko wa ndani wa koti, mlinzi kampapasa hakuziona. Kipindi cha tatu watu wakaanza kuzomea na kutoka. Safu yetu tukabaki sisi wawili na mama mmoja kajifunika skafu usoni. Nikasema tuondoke tuwahi treni, akanivuta mkono nikae. Nikamwaga hoja zenu zote, Niedermayer, Rask, Kessel, mfuko wa kichwani. Kasikiliza mpaka mwisho.

Akasema hapana. Kwake ni Lanny McDonald, Desemba 1979. Punch Imlach, meneja, alikuwa na ugomvi na nahodha Darryl Sittler, lakini mkataba wa Sittler ulikataza asiuzwe bila ridhaa yake. Basi akamuuza rafiki yake mkubwa, Lanny, mpaka Colorado. Sittler akaikata ile herufi ya unahodha kwenye jezi yake. Mashabiki wakasimama na mabango nje ya Gardens, na mzee alikuwemo, baridi ya Desemba, na koti la kuazima. Lanny alikuja kuchukua kombe na Calgary 1989, mzee akashangilia Calgary siku hiyo moja tu.

Nikamwambia lakini Niedermayer hasara yake ni kubwa zaidi. Akanijibu yale mengine ni hesabu mbaya, mtu alitaka kitu akakosea bei. La Lanny hawakutaka kitu. Walitaka Sittler aumie.

Akamenya karanga, akapuliza maganda, akaniuliza bila kunitazama: "Na wewe, walikupa bei gani?"

Nikasema "Nani, mzee?" Akarudi kuangalia barafu. Mpaka sasa sijui alimaanisha nini. Habari ya tiketi nilikuwa nimemwambia mnunuzi na nyie tu.

Fundi Saa
Na binti. Ulimpigia jana kuuliza habari za 1967, saa tano usiku, kwa sauti ya mtu anayetetemeka. Hakukuuliza kwa nini?

Mgosi_Scarborough
Aliuliza.

Kadogoo
🤣🤣🤣

Nyundo ya Bosi
Naondoa neno chai. Hakuna mtunzi angejiweka mjinga kiasi hiki.

Bi Raskazone
Posa iko palepale?

Mgosi_Scarborough
Kanishusha kituoni akasema nije na wazee wangu Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Nisivae jezi.

Mkulima wa Edmonton
Poleni Toronto. Sisi tunaanza na Dallas Jumatano. Mwenye tiketi za mechi za nyumbani Edmonton, hata za mkwe, aniandikie pembeni.