Ukoo wa Bibi Zuhura: masega hayauzwi

Idi: Asalaam alaykum wanaukoo. Ile IST taa ya cheki injini inawaka tangu juzi. Fundi kapima na mashine, anasema masega, kile kisafisha moshi cha ndani ya eksozi, yamekufa, yatolewe. Kuyatoa hanitozi hata senti 😳

Mjomba Seif: Atakutozaje na anakwenda kuyauza? Mle mna platinamu, paladiamu na rodiamu. Mashine imetoa kodi gani?

Shangazi Mwanaidi: Kodi tena? Si tulishalipa ya kiwanja?

Rehema: 😂😂 Kodi ya gari shangazi, namba ya kosa.

Idi: Shikamoo mjomba. P0141.

Mjomba Seif: Marahaba. Masega yangechoka ingeandika P0420. Hiyo 0141 ni hita ya sensa ya oksijeni ya pili, ile iliyo nyuma ya masega. Sensa haisomi mpaka ipate moto, hita ndiyo inaipasha. Angalia fyuzi. Ikiwa nzima, chomoa plagi ya sensa, tafuta nyaya mbili za rangi moja, pima omu kwa mita ya umeme, yaani ukinzani wa hita. Toyota nyingi, ikiwa ya baridi, utapata kama 11 hadi 16.

Rehema: Mimi taa yangu niliibandika plasta mwaka jana. Amani tupu.

Mjomba Seif: Rehema, wewe njoo pembeni tuongee.

Idi: Fyuzi nzima. Mita haisomi kitu kabisa. Basi sensa imekufa, ninunue? Dukani wanasema 150,000.

Mjomba Seif: Subiri. Fuata waya kwa macho na vidole, kutoka kwenye plagi mpaka kwenye sensa yenyewe. Eksozi ipoe kwanza. Na usiingie chini kwa jeki peke yake, weka stendi.

Mama Idi: Mwanangu usiingie huko chini jamani.

Idi: [Picha] Mjomba!! Waya umelalia eksozi, ganda limeyeyuka, mmoja umekatika.

Mjomba Seif: Eksozi uliichomelea lini?

Idi: Mwezi wa Ramadhani, nilipogonga tuta.

Mjomba Seif: Ndiyo hapo. Aliyechomelea hakuurudisha waya kwenye klipu yake. Sasa unga kwa viunganishi vya kubana. Usilehemu kwa risasi, usitie grisi. Sensa nyingi za aina hiyo zinavuta hewa ya nje kupitia ndani ya nyaya zake, ukiziba itasoma uongo. Vika mpira wa kuhimili joto, fungia mbali na eksozi.

Idi: Sawa mjomba.

Idi: Nimeunga. Mita inasoma 13.4 🙌🏾 Kodi nimeifuta, nimekwenda Kibaha na kurudi, taa kimya.

Mama Idi: Alhamdulillah. Sasa oga uje ule.

Shangazi Mwanaidi: Kwa hiyo ile 150,000 ipo? Mchango wa harusi ya Salma hujatoa.